Betri Tatu za Bwana Mgaya

Kaeni tuamue jambo, maana walioachiwa waliamue wamebaki wakinuniana.

Katika kijiji kimoja cha wakulima wa chai, kule kwenye baridi, walikuwapo watu watatu. Bi. Rahabu, mjane aliyezibwa macho yote mawili na mtoto wa jicho, hakukubali neno la mtu mpaka ajaribu mwenyewe. Lameki, fundi redio, aliweza kufuata waya mmoja kutwa nzima bila kuchoka. Na Anitha, fundi cherehani, mwembamba kama mtoto wa darasa la tatu, alikuwa na vidole vya kutengeneza kitu kidogo kuliko punje ya mtama.

Bwana Danford Mgaya aliwadharau wote. Miaka ishirini alikuwa karani mkuu kiwandani, na gari lake ndilo lililokuwa la pekee kijijini. Kwake, Bi. Rahabu, mama mkwe wake, alikuwa mzigo uliokaa jikoni. Lameki alikuwa mfungua makopo. Na Anitha kwake alikuwa kale kasichana ka vifungo, ingawa Anitha alikuwa mama wa watoto wawili.

Sasa gari hilo likashikwa na ugonjwa. Jioni linanguruma vizuri. Asubuhi ukizungusha ufunguo, kimya. Na kwa kuwa lilikuwa otomatiki, hata kulisukuma hakukusaidia. Bwana Mgaya akanunua betri mpya. Ikafa. Akanunua nyingine, akiwatukana wauzaji kwamba ni matapeli. Ikafa. Ya tatu ilikufa asubuhi ile ile ambayo Bi. Rahabu alitakiwa hospitali kupasuliwa macho. Daktari wa macho alifika huko mara mbili tu kwa mwaka. Wakapiga simu, wakapewa nafasi ya mwisho: baada ya siku nne.

Watu walikusanyika kutazama gari lililokufa. Bwana Mgaya aliona aibu, na aibu ikamtoka kama matusi.

"Atakayeliponya, mtamba wangu mwekundu ni wake! Lakini nampa nani hapa? Ninyi mnajua jembe tu."

Bi. Rahabu akamwambia mkwewe, "Baba Imani, pipa langu likikutwa tupu kila asubuhi, mimi nafunga bomba kwanza nione. Sinunui pipa jingine."

"Mama, na kiza chako hicho unaona nini kwenye gari?"

Betri ilipotoka kuchajiwa, Bi. Rahabu akaomba spana, akapapasa mpaka akaushika waya wa betri, akauchomoa mwenyewe jioni ile. Asubuhi akaurudisha. Gari likawaka mara moja.

"Betri yako nzima," alisema. "Gari lenyewe ndilo linalokunywa umeme."

"Kwa hiyo mimi niwe nafungua spana kila jioni kama utingo?" Bwana Mgaya akafyonza.

Lameki aliitwa na mke wa Bwana Mgaya, kwa siri. Alizima kila kitu, akafunga milango na buti la mizigo la nyuma, akaunganisha balbu ndogo kati ya betri na waya wake. Balbu ikawaka: umeme ulikuwa unavuja.

"Umekuja kunionyesha taa?" akauliza Bwana Mgaya, aliyewakuta. "Taa ninazo."

Lameki akachomoa fyuzi moja moja, akitazama balbu, akirudisha. Ya kumi na moja alipoichomoa, balbu ikazimika. "Iko njia hii ya taa za nyuma," akasema. "Acha fyuzi hii nje, betri haitakufa tena."

Lakini fyuzi hiyo ndiyo iliyolisha pia taa za breki. Bwana Mgaya akacheka kwa dharau. "Nigongwe kwa nyuma ili ufundi wako usiende bure!"

Anitha alikuwa amesimama pale na suruali ya Lameki aliyokuja kuileta. Akavua kandambili, akaingia ndani ya buti, akajikunja.

"Nifungieni nione."

Lameki akarudisha fyuzi, na Bwana Mgaya akafunga buti kwa furaha kubwa. Sauti ikatoka ndani: "Humu kunawaka kama dukani!"

Taa ya buti haikuwa ikizimika kamwe. Ncha ya mpira ya kibonyezo cha kuizima ilikuwa imelika, hivyo mfuniko wa buti haukuifikia. Anitha akakata kipande cha mkanda mkuukuu wa cherehani, akakivika ile ncha, akakaza kwa uzi. Wakafunga buti. Balbu ya Lameki ikazimika, na fyuzi zote zikiwa mahali pake.

Bi. Rahabu akafika hospitali kwa wakati. Akarudi anaona.

Siku ile ile aliyorudi wakakutana zizini. Bwana Mgaya alishika kamba ya mtamba, akatafuta maneno. "Hakuna fundi wa magari hata mmoja kati yenu," alisema. Watatu hao walikuwa wameshaanza kutazamana wenyewe.

"Bila mimi leo angenunua betri ya nne," alisema Bi. Rahabu.

"Na bila mimi mngebandua gari zima hadi viti," alisema Lameki. "Kusema linavuja si kusema linavujia wapi."

Anitha akawatazama wote wawili. "Aliapa kumpa atakayeliponya. Ninyi mlilipima. Nani aliliponya?"

"Wewe uliingia buti ulilofunguliwa na sisi," akasema Bi. Rahabu.

Mtamba ni mmoja, ana mimba, hachinjwi wala hagawiki. Bwana Mgaya bado ameshika kamba, na safari hii wao ndio wanaomtazama yeye kwa dharau. Haya, ninyi mliosikia yote: kamba hiyo mngemkabidhi nani, na wale wawili mngewaambia nini?