Mchango wa Sikudhani

Sogeeni karibu. Mwenye kijicho akae mbele, maana hadithi hii yamhusu.

Palikuwa na watumishi watatu wa afya. Nesi Sikudhani alikuwa na sikio: miaka kumi na tisa aliandika maneno ya kina mama vilevile walivyoyasema. Mashavu alikuwa na jicho: akiona majina mbalimbali, hutambua ugonjwa ni mmoja. Hemedi, kijana wa takwimu kutoka mjini, alikuwa na kichwa cha hesabu.

Mwaka huo watoto wakawa wanakakamaa na kugeuza macho. Zahanati moja iliandika degedege, ya pili dege, ya Sikudhani mchango. Kila daftari lilikuwa na watoto wachache tu, hakuna aliyeshtuka.

Mashavu akatunga orodha: ugonjwa mmoja, jina moja, namba moja, ili madaftari yote yasomeke pamoja. Ila kwa Sikudhani hakupita kuuliza. Daktari Mfaume, mkuu wao, akamsifu mbele ya watu. Sikudhani akapiga makofi, roho inamuuma.

Hemedi akayaunganisha madaftari. Kufika kwenye "mchango", neno ambalo halimo orodhani, akacheka.

"Hawa nao wameandika michango ya harusi kwenye daftari la wagonjwa!"

Akafuta mistari yote saba.

Sikudhani alipoona zahanati yake ina sifuri katika ripoti ya Hemedi, alijua mara moja. Akanyamaza siku mbili. "Acha waumbuke," alisema moyoni, na ikamwia tamu.

Siku ya tatu mama mmoja akaja mbio na mtoto aliyekakamaa. "Nesi, jana nilimpa dawa ya kikohozi, ile ya kifuniko chekundu!"

Sikudhani akapiga simu. "Hemedi mwanangu, mchango si harusi. Ni watoto."

Mashavu akaliingiza neno orodhani. Hemedi akairudisha mistari, akalinganisha. Katika daftari la Sikudhani kila mama alikuwa ameitaja dawa ile ile. Ikaondolewa madukani, na ugonjwa ukakoma.

Ikaja nafasi moja ya masomo, Daktari Mfaume amchague mmoja wao.

"Bila orodha yangu mngeona nini?" akasema Mashavu.

"Na nani aliyeunganisha?" akauliza Hemedi.

"Na maneno yenyewe yalitoka wapi?" akasema Sikudhani.

Daktari Mfaume akashindwa kuamua. Habari ya zile siku mbili alizonyamaza Sikudhani hakuijua, wala hakuna aliyemwambia. Yule mtoto wa siku ya tatu alipona, ila sikio lake moja halisikii mpaka leo.

Haya, wewe unayejua yote: nafasi ungempa nani?