Liwali na Gereza la Zamu Tatu

Waliobanwa chumbani, kwa fahari nawasifu,
Hawakuinama chini, kwa kiboko wala hofu.

Tegeni masikio!
— Tumetega, tumwagie!

Hapo kale, katika mji wa Kisongeni, alikuwapo Liwali aliyependa kufunga watu kuliko kula. Ukiokota kuni msituni mwake, ndani. Ukiimba karibu na baraza lake, ndani. Ukipiga chafya akihutubu, ndani!

Gereza lilijengwa kwa watu arobaini. Likajaa mia tatu. Wauaji kati yao walikuwa watatu tu. Basi wafungwa wakaishi kwa zamu: mia wamesimama, mia wamechuchumaa, mia wamelala. Mwita zamu alikuwa Mashavu, msusi wa mikeka, aliyefungwa kwa kukata ukindu wa Liwali.

Siku moja Mzee Ngwali, mwokota kuni, alibanwa na kifua. Hewa hakuna. Mashavu akaapa kumtoa angali hai. Liwali alipopita dirishani, akamwita:

"Bwana Liwali, gereza limejaa! Hata wewe huwezi kuufikia ukuta wa nyuma."

"Mimi? Gereza langu halijai!"

"Kwa maneno, Bwana."

Mnaujua ujeuri, wenzangu? Liwali akawaacha askari nje, akaingia. Akasukuma, akasukuma, akasukuma, akaugusa ukuta.

"Mmeona?"

"Tumeona," akajibu Mashavu. "Haya, zamu!"

Waliosimama wakalala. Waliolala wakachuchumaa. Waliochuchumaa wakasimama. Hapakubaki pa kukanyaga.

"Nipisheni!"

"Tukupishe twende wapi, Bwana? Nafasi iko nje."

"Askari, wachapeni!"

Askari wakachungulia. "Tuingilie wapi, Bwana?"

Jasho likamtiririka Liwali. Pumzi ikampaa. "Basi watoke! Wote!"

"Wote hapana," akasema Mashavu. "Walioua wabaki. Sisi tusiomwaga damu tutoke, nawe utamke mbele ya askari wako kwamba tu huru."

"Mko huru! Huru! Huru!"

Mlango ukafunguliwa. Mzee Ngwali akatangulia, amebebwa mabegani kama bwana harusi, anavuta hewa kwa mapana. Hakuna aliyekimbia. Hakuna aliyelia. Hakuna aliyeshukuru! Walipita vifua mbele, na askari, msidhani nazua, wakawapisha. Mashavu alitoka wa mwisho, akajifunga vizuri kanga yake, akashika njia ya kwao.

Nami nautua mzigo wa ngano hapa.
— Utue, umetufikia!

Mle ndani, askari wakiwa wameshaufunga mlango kama kawaida yao, wauaji watatu walijinyoosha sakafuni. Aliyebaki amesimama alikuwa Liwali.