Karani, Mbwa wa Bi Tumpale

Ukimfunza mbwa, funza na mikono yako. Ndivyo shangazi yenu alivyomwambia mjomba wenu mchana huu, alipomkuta anamfokea mtoto kwa sauti ya kupasua dari, ati aache tabia ya kuwafokea wenzake. Nanyi mmecheka, kisha mkauliza mbwa ameingiaje katika habari ya mtoto. Sogeeni motoni basi, mvua haina dalili ya kukatika. Methali hii haikutoka mbali. Ilizaliwa katika ua wa mama mmoja wa huku huku kwetu Rungwe, na ilianza hivi.

Mama huyo aliitwa Bi Tumpale, mke wa mzee Angolwisye. Kazi yao ilikuwa kuchuma chai na kutunza migomba. Mtoto wao alikuwa mmoja tu, Subilaga, naye aliolewa ng'ambo ya mto na kijana mpole aliyeitwa Gwamaka. Nyumba ilipokuwa kimya mno, mzee Angolwisye alirudi siku moja na mtoto wa mbwa ndani ya koti lake, mweusi, kidari cheupe kama kola ya shati. Akamwita Karani.

Kila jioni mzee alipotoka kwenye chai, Karani alimsikia kabla ya watu, akaenda mbio hadi langoni. Mzee aliinama, akafungua mikono, na mbwa akamrukia kifuani na tope lake lote.

"Mama Subi," mzee aliita, "karani ameshanigongea muhuri."

Bi Tumpale alinung'unika, maana koti hilo alilifua yeye. Lakini alinung'unika huku akitabasamu.

Kisha majira ya baridi yakaja, mzee akashikwa na kifua, na hakukaa nacho sana. Watu wakajaa uani kwa msiba. Karani, ambaye hakuna aliyemweleza kitu, akamrukia kila aliyeingia. Hata mchungaji alichafuliwa joho. Watu walipangusa tope wakasema, "Mwacheni, naye amefiwa." Hakuna aliyemkataza, na mbwa asiyekatazwa hudhani amesifiwa.

Matanga yalipoanuliwa, watu wakarudi makwao. Baada ya muda Subilaga akaja kumjulia hali mama yake, akiwa na mimba ya kwanza, tumbo limeshamtangulia. Karani akamrukia. Subilaga akateleza, akajikuta amekaa kwenye mfereji wa migomba. Hakuumia, hata alicheka. Gwamaka hakucheka. Kwa desturi ya wazee wetu, mkwe hasemezani na mama mkwe ana kwa ana. Basi akageukia ukuta, akasema na mkewe kwa sauti ya kufika jikoni:

"Mke wangu, mama yako namheshimu. Lakini mtoto akizaliwa hataletwa hapa mpaka mbwa huyu awe na adabu. Akishindikana, mlinzi wa ghala la chai anamtaka. Mnyororo anao."

Jikoni, Bi Tumpale alilisikia neno mnyororo, likamkaa rohoni. Mjukuu alimtaka kuliko kitu chochote. Na mbwa ndiye kiumbe wa mwisho aliyeletwa nyumbani na mikono ya mume wake. Hakuweza kuchagua. Alimwita binti yake akamwambia, "Mwambie mwenzio, mtoto akija atamkuta mbwa amekaa chini."

Akaanza kesho yake, kwa msaada wa jirani yake Mama Ipyana, mwanamke mwenye mdomo na moyo, vyote vikubwa. Mama Ipyana ndiye aliyekuwa mgeni. Alitoka njiani, akapiga hodi, akaingia. Karani akiruka, wanawake wote wawili walimgeuzia mgongo, mikono wameikunja ndani ya khanga, kimya, kama watu waliokosana. Miguu yake yote ikishuka chini, hapo ndipo alipoitwa jina lake, akashikwa kichwa, akapewa kipande cha kiazi. Halafu Mama Ipyana akarudi njiani kuanza upya.

"Tangu asubuhi mimi ni mgeni," alilalamika, "na chai ya mgeni sijaiona."

"Mgeni wa kila saa ni mwenyeji. Chai iko jikoni, jimiminie."

"Na khanga yangu atafua nani? Karani?"

"Karani anagonga muhuri tu. Kufua hajui."

Wakaendelea hivyo hadi mbwa akaelewa. Akisikia hodi alikimbia, akasita, akakumbuka, akakaa, mkia ukifagia ua. Jambo moja tu lilimtatiza Mama Ipyana. Kila alipoinama kutua kapu lake, Karani alisahau masomo yote akamrukia.

"Mgeni akisimama anamheshimu, akiinama anamvamia," alisema. "Umeona wapi mbwa wa namna hii, Mama Subi?"

Bi Tumpale alijifanya hakusikia, akaingia jikoni kuchochea moto.

Mtoto alizaliwa, wa kike, akapewa jina la bibi yake. Shingo yake ilipokaza, wazazi wake wakamleta. Siku hiyo ua ulifagiliwa mapema, na Mama Ipyana alikuwepo kabla ya wageni, ati amekuja kuazima chumvi.

Hodi ikapigwa. Karani akaja mbio, akasita, akakaa. Subilaga akapita karibu yake, mtoto mgongoni, na mbwa hakufanya zaidi ya kutikisa mkia. Hata Gwamaka aliguna kwa kuridhika. Bi Tumpale alisimama mlangoni akiwa hajui acheke au alie.

Ndipo Subilaga akafanya kile ambacho binti aliyelelewa vizuri hufanya mbele ya mzazi wake. Alipiga magoti, akanyoosha mikono yote miwili, akamwamkia kwa lugha ya kwetu.

"Mugonile, mama."

Karani akaruka.

Gwamaka alijitupa katikati, na miguu ya mbwa ikatua kwenye shati lake. Kama si yeye, Subilaga angeanguka chali juu ya mtoto. Mtoto akaangua kilio. Karani akarudi nyuma na kukaa, akawatazama watu mmoja mmoja, akingoja kiazi chake.

"Mke wangu," Gwamaka aliuambia ukuta, na sauti yake ilikuwa ya chini, "tunaondoka. Na mbwa tunampitisha kwa mlinzi."

Bi Tumpale akamshika Karani shingoni.

"Hutapita sokoni na shati hilo," Subilaga alisema. Akaingia ndani kutafuta nguo ya kumsitiri mumewe. Alipotoka alikuwa ameshika koti la baba yake, lililokuwa likitundikwa nyuma ya mlango. Alikuwa akilitazama kifuani. Palikuwa na alama za miguu ya mbwa, moja juu ya nyingine. Za chini zilikuwa zimekauka na kupauka. Za juu zilikuwa bado mbichi.

"Mama," alisema polepole, "baba alituacha tangu baridi ya mwaka jana. Tope hili ni la jana."

Mama Ipyana akalitazama koti, akamtazama mbwa. "Kumbe," alisema, na kwa mara ya kwanza hakuongeza neno.

Bi Tumpale akakaa kizingitini.

"Ikifika saa aliyokuwa akirudi baba yako, Karani huenda langoni," alisema. "Hukaa akatazama njia. Siku za mwanzo nilimwita, hakuja, hata kwa chakula. Nikavaa koti nikaenda, nikainama kama baba yako alivyokuwa akiinama. Nilitaka tu aone kuna mtu amerudi." Akalitazama lango. "Halafu na mimi nikawa naingoja saa hiyo."

Subilaga alikuwa amelikumbatia koti pamoja na tope lake. Mama Ipyana akaja akakaa kizingitini, bega kwa bega na jirani yake.

"Dada yangu," alisema, "mchana tunamfunza wawili, jioni mikono yako inafuta yote. Mbwa hana kosa. Ukimfunza mbwa, funza na mikono yako."

Gwamaka alilitazama koti, kisha akaugeukia ukuta.

"Mke wangu," alisema mwishowe, "mwambie mama koti sitalivaa, lina mwenyewe. Nitakwenda na shati langu hivi hivi. Mbwa abaki. Tutarudi mahindi yakikauka."

Jioni ile Bi Tumpale aliliacha koti kwenye msumari, akaenda langoni na khanga yake tu. Karani akainuka kwa furaha. Bi Tumpale akainama, na mbwa aliporuka, akasimama akamgeuzia mgongo. Mikono ilimsaliti. Ilitaka kufunguka, naye akaibana kwapani, akalia huku mbwa akilalama nyuma ya visigino vyake. Siku hiyo hawakufika popote. Kesho yake walijaribu tena. Ilimchukua mbwa siku chache kuelewa. Mikono ilichelewa zaidi. Lakini ikafika jioni ambapo Bi Tumpale aliinama, mikono ikiwa imetulia magotini, na Karani akaja polepole akamlalia kidevu juu ya vidole. Wakakaa hivyo wakitazama njia, hadi giza likaanza kuingia.

Koti akalifua baadaye, siku ya jua.

Mahindi yalipokauka, Subilaga akaja, akapita uani, akapiga magoti. "Mugonile, mama." Karani alitetemeka mwili mzima, mkia ukaruka, masikio yakaruka, lakini miguu yote ilibaki ardhini.

"Ndaga, mwanangu," Bi Tumpale aliitikia salamu. Sasa akaifungua mikono yake, na Subilaga akamkabidhi mtoto. Mbwa akasogea akanusa kiguu kile kidogo, akakaa.

Upande wa ukutani, Gwamaka alisema, "Mke wangu, muulize mama kama tunaweza kulala hapa leo."

Basi mjomba wenu hakutukanwa mchana huu. Ameambiwa tu jambo gumu ambalo mama mmoja aliwahi kulifanya, jioni baada ya jioni, pale langoni. Ukimfunza mbwa, funza na mikono yako.