Mwana Ramla na Marufaa ya Sambare

"Shauri la Kuisogeza Marufaa ya Msahafu Mkubwa kwa Dhiraa Moja na Nusu Upande wa Kibla, Pamoja na Yanayoambatana Nalo." Jina hilo, enyi mliojaaliwa masikio ya kusikia, liliandikwa kwa wino mwekundu juu ya karatasi za Kadhi Burahani wa mji wa Sambare, mji ambao leo ni magofu na mibaazi. Waliotupokeza habari hizi wanasema kwamba shauri lilichukua Ijumaa saba. Sita zilikwenda katika kuipima dhiraa yenyewe, kwa kuwa wapo waliotaka ipimwe kwa mkono wa kadhi, na wapo waliotaka kwa mkono wa imamu, ambaye alikuwa mtu mfupi. Ijumaa ya saba ikabakia kwa yale yanayoambatana, na yanayoambatana yalikuwa ni mjane mmoja, Mwana Ramla, Mola amrehemu.

Marufaa ni kile kibao cha kukunjua kinachobeba msahafu unaposomwa. Hii ilikuwa mpya, ya mpingo, na ilichongwa kwa ajili ya msahafu ulioandikwa na Muhadhari wa Sadi, aliyekuwa amefariki siku arubaini kabla ya shauri kuanza. Na kwa haki tuseme: msahafu ule haukuwa na mwenziwe. Watu walitembea siku nane kuja kuutazama. Yasemekana mwizi mmoja wa mifugo aliingia msikitini kwa kukimbia mvua tu, akaukuta umefunguliwa, akatoka mtu mwingine. Na katika kurasa zake zote, ukurasa uliosifiwa zaidi ni ule wa uchungu wa Maryamu, amani iwe juu yake, alipokuwa peke yake kwenye shina la mtende. Wasomaji wazoefu wakifika hapo sauti huwakatika.

Sasa, mjini Sambare, kama kwingineko, kabla ya maiti kuzikwa, watu huulizwa juu yake: "Mnamshuhudia vipi?" Nao hujibu mara tatu: "Mtu mwema." Siku ya Muhadhari jibu lilirusha njiwa darini, na waliopaza sauti zaidi ni wale waliomjua kidogo zaidi. Lakini Sambare walikuwa na sharti lao la ziada. Jina la mtu halikuchongwa kwenye mbao za msikiti pamoja na maneno "mja mwema" mpaka mmoja wa watu wa nyumbani kwake asimame na kuyasema hayo mara tatu yeye pia. Wazee waliolitia sharti hilo walijua ya kwamba msikitini mtu huvua viatu, na nyumbani huvua na mengine.

Marufaa ile ilitakiwa ichongwe jina la Muhadhari, na nyumba yake ilikuwa imebakia na mtu mmoja tu, naye ni Mwana Ramla. Alikuwa mwanamke mcha Mungu, anafundisha mabinti kusoma, na kila Ijumaa, nyuma ya pazia, aliwasomea wanawake wenziwe kutoka msahafu ule ule wa mumewe. Haja yake duniani ilikuwa moja. Miaka kumi na tisa nyuma alizaa kichanga, kikazikwa nyuma ya banda la mbuzi bila ya kuoshwa wala kusaliwa. Sheria yajulikana: kichanga aliyelia japo mara moja huoshwa, huvikwa sanda na husaliwa kama mtu yeyote, aliyetoka kimya hufungwa kitambaa akafukiwa. Muhadhari alimwambia kadhi wa zama hizo kwamba mtoto alitoka kimya. Mwana Ramla alisema mtoto alilia. Alilipeleka neno lake kwa makadhi watatu, mmoja baada ya mwingine. Wa kwanza alimwambia kuwa huzuni ina masikio yake. Wa pili alimtaka mashahidi. Wa tatu aliahidi kulitazama, akafa karatasi ikiwa sandukuni. Burahani alikuwa wa nne.

Basi akaitwa barazani kwa msikiti baada ya sala, watu wamejaa, marufaa imewekwa katikati kama bibi harusi.

"Karibu, bibi," alisema Kadhi. "Hatutakuweka sana. Maneno mawili tu, mara tatu. Hata kasuku huyaweza."

"Kasuku hataulizwa kesho kiyama, Kadhi."

Watu wakacheka. Kadhi akacheka nao kidogo, kisha akamsogelea, akapunguza sauti, ingawa safu ya mbele walimsikia, na ndio waliotuhadithia.

"Mwana Ramla, karatasi yako ya yule mtoto ninayo. Toa ushahidi huu, na kabla ya alasiri nitaamuru asaliwe. Nitakwenda kumsalia mwenyewe, na mji mzima nyuma yangu. Usipotoa, nitaandika kuwa shauri lake limefungwa. Na jambo lililopita kwa makadhi wanne halifunguliwi na wa tano. Wewe ni mtu mzima, unaelewa."

Mwana Ramla alinyamaza. Msidhani, ndugu zangu, kwamba alinyamaza kwa ushujaa. Alikuwa anataka. Maneno mawili, mara tatu, juu ya mtu aliyekwisha kufa na asiyeweza kuongezewa wala kupunguziwa kitu. Na upande wa pili sala aliyoililia miaka kumi na tisa. Walioketi karibu walimwona akilowesha midomo. Kisha akasema, kwa sauti ya kusikika na wote:

"Nitashuhudia ninayoyajua. Mkono wa Muhadhari ulikuwa bora kuliko mikono yote niliyowahi kuiona, na sitaraji kuona mwingine mfano wake."

"Alhamdulillahi," alisema Kadhi, akachovya kalamu. "Na mwenyewe?"

"Mwenyewe nilimjua."

"Kwa wema?"

"Kadhi aniulize nilimjua kwa lipi, nami nitajibu."

Kadhi Burahani alikuwa mtu wa taratibu, na taratibu zilimlazimu aulize. Akauliza.

"Ilikuwa masika," alisema Mwana Ramla. "Alikuwa kwenye ukurasa wa Maryamu. Uchungu ukanishika asubuhi, nikaguna. Akasema, 'Mkono wangu unatikisika.' Nikauma nguo. Nikaguna tena. Akainuka, akanishika mkono, akanitia kwenye banda la mbuzi, akapiga komeo kwa nje. Mkunga akaja, Muhadhari akamwambia dirishani arudi alasiri. Nikazaa. Mtoto akalia. Nikamfunika kwa shuka yangu, nikagonga mlango mpaka mikono ikavimba. Alipokuja kufungua, wino ulikuwa umekauka na mtoto amepoa."



"Ukurasa huo ndio mnaoulilia," aliendelea. "Utazameni vizuri. Hakuna herufi hata moja iliyotetemeka. Nyinyi mkiona hivyo mnasifu. Mimi huogopa."

Kadhi akaweka kalamu chini kwa upole mkubwa, kama mtu anayemweka mtoto.

"Pole sana, bibi. Lakini tusichanganye mambo. Kalamu mbali, mtu mbali."

"Hilo ndilo ninalosema mimi! Kalamu mbali, mtu mbali. Mimi nimetenganisha. Miaka kumi na tisa nimeusoma msahafu ule, nimelia kwa maneno yake kwa sababu maneno ni ya Mola, si ya Muhadhari. Nyinyi ndio mnaochanganya. Mnataka wino umwoshe mtu. Andikeni, 'Umeandikwa kwa mkono mwema.' Hilo nitalisema mara tatu. Nitalisema mara mia."

"Mkono haumo," alisema Kadhi, akipekua daftari. "Hapa kuna 'mja mwema', na kuna 'mja asiyejulikana hali yake'. Mkono peke yake haukuwekewa mahali."

"Basi na huo ndio upungufu wa daftari."

"Na juu ya kulia kwa mtoto, sheria inataka wanawake wanne waliosikia. Wewe ulikuwa na wangapi?"

"Wanne, Kadhi, wote majike. Lakini walikuwa mbuzi."

Hakucheka mtu, ila mmoja nyuma, naye akakigeuza kicheko kuwa kikohozi. Kadhi akasema, "Ninakuuliza kwa mara ya mwisho. Maneno mawili."

"Mwanangu nikimtafutia sala kwa uongo," alisema Mwana Ramla, "nitakuwa nimemfanyia kama alivyomfanyia baba yake. La. Funga karatasi yako."

Kadhi akaichukua karatasi. Ndipo akasimama Shamte.

Shamte alikuwa mwadhini wa msikiti ule, mtu wa saumu nyingi na maneno machache, na nyumba yake na ya Muhadhari ukuta mmoja. Alisimama kwa kujishikilia nguzo.

"Nilimsikia," alisema.

"Ulimsikia nani?" aliuliza Kadhi.

"Mtoto. Nilikuwa natia udhu wa sala ya dhuha. Nikamsikia analia bandani, nikatoka mbio, nikamwambia Muhadhari dirishani, 'Mkeo amejifungua.' Hakuinua kichwa. Akasema, 'Taratibu, Shamte, mstari haujaisha.' Nikautazama ule mstari. Wallahi ulikuwa mzuri. Nikaona ni dhambi kuuharibu. Nikarudi kwangu."

"Na kadhi wa zama zile alipouliza nani aliyesikia?"

"Nikatazama chini. Nilisema moyoni, akifungwa huyu, nani ataumaliza msahafu?"

Mwana Ramla akamgeukia. Wanasema hakumtazama kwa hasira. Alimtazama kama mtu anayesoma neno alilolipita mara nyingi.

"Jirani, kila Idi uliniletea sahani ya haluwa."

"Ndiyo, dada yangu."

"Nilikuwa najiuliza kwa nini sahani yako ni kubwa kuliko za watu wengine."

Shamte akalia mbele ya watu. "Nipe radhi yako, Mwana Ramla. Sina jingine ninalolitaka."

"Radhi usiiombe leo. Una udhu?"

"Ninao."

"Basi twende."

Kadhi alisema kwa nyuma yao kwamba mwanamume mmoja hatimizi idadi, na kwamba hata angetimiza, shauri lililoko mbele ya baraza ni la marufaa. Aliliandika hilo vizuri, tena kwa hati nzuri. Baraza zima likabaki limeketi. Wengine walitazama magoti yao, na wengine waliitazama marufaa, wakasema ni kazi safi ya mpingo.

Nyuma ya banda hapakuwa na mbuzi tena. Palikuwa na mchicha wa porini na jiwe moja ambalo Mwana Ramla alilitia chokaa kila Shaabani. Shamte akaelekea kibla, akainua mikono kuhirimia sala, akaishusha. Akageuka.

"Mwanamume au mwanamke?" aliuliza, kwa kuwa maneno ya dua hutofautiana.

Katika miaka kumi na tisa, mbele ya makadhi wanne, hilo lilikuwa swali la kwanza Mwana Ramla kuulizwa juu ya mwanawe.

"Mwanamke," alisema.

Basi Shamte akasali, na Mwana Ramla nyuma yake, takbira nne, hapana rukuu wala sijida, kama inavyosaliwa. Walikuwa watu wawili.

Na karatasi za Kadhi Burahani zilihitimishwa hivi: "Mjane alihudhuria. Alipoulizwa alishikwa na haya, na kunyamaza kwa mwenye haya ni ridhaa." Fundi akaitwa, akachonga "mja mwema" kwa herufi za maua. Marufaa ikasogezwa upande wa kibla kwa dhiraa moja na nusu. Imamu alifariki akiamini kuwa ilikuwa moja na robo tatu.

Ijumaa iliyofuata Mwana Ramla alirudi nyuma ya pazia, akausoma ukurasa wa Maryamu mpaka mwisho. Wanawake walimuuliza anawezaje. Akasema, "Kwani Maryamu amenikosea nini?"

Shamte aliacha kuadhini, akisema sauti iliyonyamaza siku ile haifai kuwaita watu. Kila Ijumaa baada ya sala alisimama mlangoni akasema, "Mtoto alilia, nami nilimsikia." Mara ya kwanza watu walitetemeka. Mara ya pili wakasikitika. Kufika mwaka wakawa wanavaa viatu huku akisema, na waliochelewa kuvaa wakamwomba asogee kidogo. Radhi ya Mwana Ramla aliipata, lakini baada ya miaka mitatu, na hatukupokea habari ya alivyoipata, wala si haki yetu.

Ndugu zangu, Mola humpa mtu mkono asimpe moyo, naye hahojiwi kwa anachogawa. Tutakaohojiwa ni sisi. Kizuri tukisome, tukitazame, kitutoe machozi, hayo halali. Lakini mtu asikifanye kizuri kuwa komeo la mlango ambao nyuma yake yupo anayegonga. Na msiseme kuwa waliofanya hivyo ni watu waovu wa zamani. Walikuwa watu wa safu ya kwanza, wenye kupenda hati nzuri.

Marufaa ile ilioza pamoja na mji, na msahafu hatujui ulikokwenda. Wanaosimulia kisa hiki husimulia uzuri wake kwanza, na baadhi yao huishia hapo. Lililotokea ni hili: asubuhi moja ya masika, mtoto wa kike alizaliwa hai katika banda la mbuzi, akalia, baba yake akamsikia, na akaendelea kuandika.