Wa Kuubeba Msalaba wa Nakijwa

Hapo zamani, wala si zamani sana, kwenye usharika mmoja wa milima ya Upare, mgonjwa aliyekuwa anaaga dunia ndiye aliyemtaja mtu wa kubeba msalaba mbele ya jeneza lake. Ilikuwa heshima kubwa. Watu walinuniana miaka kwa heshima hiyo.

Mwalimu Nakijwa, mstaafu, alikuwa na saratani ya ini, na alikuwa amechoka. Amechoka na maumivu, amechoka na uji, amechoka zaidi na wageni wanaomwambia amenawiri. Alitaka kumtaja mtu mmoja tu: yule aliyempa tumaini. Mchungaji akaketi na kalamu. Watu watatu wakasimama kando ya kitanda.

Mwinjilisti Elieza akasema, "Mama, mimi nilifunga siku tatu. Nikakuambia Bwana amekuponya. Hukuinuka? Hukula ugali? Hukupalilia maharage?"

Kweli, aliinuka. Majuma mawili alitembea. Kisha maumivu yakarudi, naye akawa anayaficha ili Elieza asiaibike.

Mdogo wake, Namsifu, akasema, "Dada, wote walikuficha. Mimi ndiye niliyekwambia alichosema daktari: ni wiki, si miezi."

Kweli, alimwambia, tena huku akimenya ndizi, bila hata kumtazama. Nakijwa alilia hadi jioni. Kisha akasali sala yake ya kwanza isiyo na uongo: Bwana, naogopa, usiniache. Akalala fofofo, mara ya kwanza tangu Pasaka. Lakini maharage hakuyagusa tena.

Mbonea, mwalimu wa kwaya, akakohoa. "Mimi sikusema kitu."

"Wewe ulifanyia mazoezi ya nyimbo za mazishi yangu kwenye banda langu la ng'ombe!"

"Mwalimu, mvua ikinyesha si tunafanyia hapo siku zote? Kanisa linavuja. Tulidhani umelala."

Kweli, aliwasikia wanakwaya wakiimba wimbo wa kaburi tupu la Kristo. Hasira zikampanda. Halafu akasikia waimbaji wa sauti ya pili wanashuka, akafoka kutoka kitandani: "Pandisheni! Hapo Kristo anafufuka, nyie mnamzika tena!" Wakapandisha. Wimbo ulipokwisha, hofu ilikuwa imemtoka. Hakujua ilimtoka kwenye ubeti wa ngapi.

"Kwa hiyo mkosa adabu ndiye apewe heshima?" Elieza akauliza.

"Na mwongo je?" Namsifu akamrudishia.

"Sikusema uongo. Niliamini."

"Na mimi niliamini. Niliamini Mungu wake haogopi ukweli."



"Jamani," Nakijwa akasema, "si mngoje nife kwanza ndio mgombane?"

"Jina, Mwalimu," mchungaji akamwambia taratibu.

Msalaba ni mmoja, na njia ya makaburini haitoshi watu wawili sambamba. Mmoja alimwinua kwa ahadi ambayo haikutimia. Mmoja alimpokonya ahadi hiyo, akamwachia Mungu peke yake. Mmoja alimzika akiwa hai, na hofu ikamtoka. Nakijwa amefumba macho, anavuta pumzi ya kutaja jina. Je, ninyi mliokaa hapa, nani alistahili kuubeba?