Siku Mashavu Alipojisifu

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado wakiwaamsha watoto wao alfajiri, wakiwaogesha na kuwafungia chakula cha shule, aliishi Mama Pimbi na binti yake katika majabali yaliyo juu ya mto. Binti huyo aliitwa Mize. Pimbi mnamjua, watoto wangu: mdogo, mnene kidogo, masikio mafupi, na mkia hana. Mungu hakumpa, naye hakuuulizia.

Mize mwenyewe hakujua kwamba kukosa mkia ni habari mpaka alipoanza shule.

Huko shuleni alikuwepo Mashavu, binti Kiboko. Alikuwa mkubwa kuliko wote darasani. Akikaa kwenye benchi, aliye upande wa pili hurushwa juu, puu! Ukubwa si kosa. Kosa lake ni kwamba aliona raha kuwadhalilisha wenzake. Siku ya kwanza tu alimtazama Mize kwa nyuma, akamwita Kisiki, na tangu hapo ni kama jina la Mize lilifutwa. Akatoa na amri: atakayecheza na Kisiki, au hata kumwazima kifutio, naye atatengwa.

Ubavuni mwa Mashavu alikuwepo Zuhura, binti Punda Milia, ambaye kazi yake ilikuwa kucheka. Mashavu akicheka, Zuhura hucheka. Mashavu akinyamaza, Zuhura hukatisha cheko katikati kama mtu aliyemeza nzi.

Saa ya chakula Mashavu alipita akikusanya, kiazi cha huyu, muhindi wa yule. Aliyekataa, mfuko wake ulikaliwa. Na mfuko ukishakaliwa na kiboko, daftari na kiazi huwa kitu kimoja.

Mize alimweleza mama yake. Mama Pimbi alikuwa akipepeta mtama, akasema bila kuinua macho kwamba awapuuze, watachoka wenyewe. Mize akawapuuza. Hawakuchoka.

Basi akaenda kwa Mwalimu Kongoti, yule ndege mrefu mwenye kipara na mfuko shingoni, aliyependa kufundisha akiwa amesimama kwa mguu mmoja. Mwalimu alimsikiliza akiwa amefumba macho. Akamwambia kwamba watoto wa kike ndivyo walivyo, leo wananuniana kesho wanasukana, na kwamba utani hujenga urafiki. Kisha, kwa nia njema kabisa, akamwita Mashavu na kumwambia kuwa Mize amemshtaki, basi wapatane.

Mashavu aliitikia kwa adabu. Jioni hiyo alimngoja Mize kwenye kivuko, akamsukuma ndani ya tope mpaka masikio, na Zuhura akacheka kwa muda wote alioruhusiwa.

Kuanzia hapo Mize akawa anaamka na tumbo linauma. Lilikuwa linauma kweli, wala hakujifanya. Mama Pimbi akamchemshia mwarobaini. Mize akanywa, akakunja uso, akaenda shule. Kesho yake tumbo likauma tena, mama akaongeza majani.

Pengine angeendelea kunywa hivyo mpaka mti uishe, kama si habari ya Subira. Subira alikuwa binti Digidigi, mwoga hata wa kivuli chake, na Mashavu alimpenda sana kwa sababu alilia haraka. Asubuhi moja Subira hakuja shule. Siku iliyofuata hakuja. Ikasemwa kwamba amekataa katakata, amejificha chini ya kichaka, hata uji anapelekewa huko huko.

Mize alikitazama kiti kitupu cha Subira siku nzima. Aliona aibu, kwani kulikuwa na siku alizofurahi kimoyomoyo Mashavu alipomwendea Subira badala yake. Kisha hasira ikampanda, na pimbi akikasirika hufikiri.

Wiki hiyo Mwalimu Kongoti alitangaza kwamba katika mkutano wa wazazi atachaguliwa kiranja wa wasichana, na kila anayetaka atasimama aseme maneno machache. Mashavu alikitamani cheo hicho mpaka akakosa usingizi. Ila kulikuwa na tatizo: kinywa kilikuwa kikubwa, maneno ya kutia ndani hayakuwepo. Alishinda mtoni akijaribu hotuba, na kila alipofika "Ndugu wazazi" alikwama.

Mize alimfuata huko huko, akasimama mbali kidogo na tope. Akamwambia amesikia anatafuta maneno. Wenzake wote, alisema, wataahidi usafi na utii, na wazazi watasinzia. Ahadi kila mtu anazo. Aliyekwisha kufanya kazi ni Mashavu peke yake.

Mashavu akauliza kazi gani.

"Ya kutunyoosha sisi," Mize akasema. "Nani anayeamua acheze na nani? Nani anayeamua chakula kiende wapi? Wazazi hawayajui hayo. Waambie yote, usiache hata moja."

Mashavu alifikiri, na kufikiri kwake kulitoa mapovu majini. Kisha akamkazia jicho. "Na wewe unanisaidia kwa nini?"

"Nataka wazazi wakujue kama sisi tunavyokujua," Mize akasema.

Na hapo, watoto wangu, hakusema uongo hata chembe. Mashavu aliona hilo ni jambo la haki kabisa, akamwambia aende zake, ila asizoee.

Siku ya mkutano wazazi walijaa uwanjani. Mzee Kiboko na mkewe walikaa mbele, wakichukua nafasi ya watu kumi. Mama Digidigi alikuja peke yake, akakaa nyuma. Wa kwanza kusema alikuwa binti Swala, akaahidi usafi. Wa pili akaahidi utii. Mzee Nyati akaanza kukoroma.

Akasimama Mashavu. Mize aliyekuwa karibu na mama yake akajiuliza. Je, akiyasema yale na wazazi wakapiga makofi? Hilo hakuwa amelifikiria.

"Ndugu wazazi," Mashavu akasema, na safari hii hakukwama. Aliwaambia kwamba yeye tayari ni kiranja, ila hajavalishwa beji. Darasani mwake hakuna anayecheza na asiyeruhusiwa. Kisiki, kwa mfano, haongeleshwi na mtu. Chakula cha watoto hakipotei, hukikusanya mwenyewe na kukila. Mkaidi humkalia mfuko, na mshtaki humzamisha topeni.

Mama Kiboko alikuwa amekwisha kuanza kupiga makofi. Alipiga mawili, la tatu likaishia hewani.

"Hata kucheka, hawacheki ovyo," Mashavu akaendelea. "Tazameni." Akacheka, hoo hoo hoo! Zuhura, aliyekuwa ameketi miguuni pa mama yake, akacheka naye, hii hii hii! Mashavu akafunga kinywa. Zuhura akakata, kwi! Mama Punda Milia alimgeukia bintiye, akamtazama kama anayemwona mara ya kwanza.

Mzee Nyati alikuwa ameamka.

Kule nyuma Mama Digidigi aliinuka. Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini uwanja ulikuwa kimya. "Na Subira wangu, mwanangu?"

"Huyo nilimmaliza kabisa," Mashavu akasema kwa fahari. "Hata shule haji tena. Na Mwalimu ananisaidia. Mize aliponishtaki, yeye ndiye aliyeniambia."

Macho yote yakamhamia Mwalimu Kongoti. Kipara chake kilibadilika rangi, mfuko wa shingoni ukapanda ukashuka. Alishusha mguu wa pili, akasimama kwa yote miwili kama mtu aliyeitwa mbele ya hakimu.

Mashavu aliona mambo si kama alivyotarajia. Akamgeukia baba yake, akasema kwa unyonge kwamba mbona nyumbani baba hufanya hivyo hivyo, hunguruma na kunyang'anya, na wote huitikia naam. Mzee Kiboko ghafla akawa na haja kubwa ya kuutazama mto. Mkewe akawa anamtazama yeye, wala hakumwacha mpaka mkutano ulipokwisha.

Kiranja hakuchaguliwa siku ile. Mwalimu Kongoti aliwaomba radhi wazazi, akamwomba na Mize, mbele ya wote. Alikubali kwamba aliambiwa na hakusikia. Tangu hapo saa ya chakula alizunguka uwanjani macho wazi, na mtoto aliyemletea neno, neno hilo lilibaki kwake. Mama Kiboko alimchukua bintiye moja kwa moja hadi kwenye kichaka cha Subira, na Mashavu, kinywa chote kile, alihitaji muda mrefu kutoa neno dogo la "nisamehe". Subira hakumjibu. Ilipita wiki nzima ndipo akarudi shule, na aliyemshika mkono njiani alikuwa Mize. Zuhura naye alianza kucheka kivyake, na ikagundulika kuwa cheko lake halisi ni baya ajabu, lakini lilikuwa lake.

Jioni ile ya mkutano, Mama Pimbi alirudi moja kwa moja majabalini. Aliichukua sufuria ya mwarobaini, akaimwaga nje.

"Mwanangu, nimekunywesha uchungu bure," akasema. "Uliniambia, nami nikawa napepeta mtama. Nieleze tena, tangu mwanzo."

Mize akakaa karibu naye, akaanza kueleza. Mara hii mama hakushika kazi nyingine mkononi.

Yangu yamefika hapo, nanyi wakubwa mnaosikiliza mkijifanya mmelala, chukueni hili: mtoto akikwambia anaonewa, msikie siku ile ile, usingoje mwonevu aje akusimulie mwenyewe.