Namna Kiboko Alivyopewa Mji

Paukwa!

Pakawa!

Wangapi wamekunywa maji leo?

Sote!

Basi tulieni, maana wa hadithi hii hawakunywa.

Mwaka huo mvua iligoma. Mto wote ulikauka, likabaki dimbwi moja la kina, na dimbwi hilo lilikuwa na mwenyewe, Bwana Kiboko. Ukisogea kunywa, fwaaa! anaibuka. Ukimwomba, anasema, "Langu." Ukimsihi, anasema, "Langu." Ukilia, anasema, "Langu," kisha anazama kulala. Maji yangewatosha wanyama wote na yakabaki. Tumbo kubwa, roho finyu.

Juu ya majabali aliishi Mama Pimbi, kamnyama kadogo kasiko na mkia, na watoto wake watatu. Yule wa mwisho alikuwa ameacha kulia. Mtoto akiacha kulia kwa kiu, mama haiti kikao. Pimbi alishuka siku hiyohiyo.

Akafuata mto kuelekea juu hadi kwenye kona yake, mahali palipobaki mchanga na tope la kufika magotini. Akakata vijiti, akavipigilia. Ti! ti! ti! Akavuta kamba za magome toka kijiti hadi kijiti. Kisha akachukua gome pana na kipande cha mkaa, akachora. Alipomaliza, akateremka hadi dimbwini akipiga mbiu.

"Mji mpya! Mji mpya! Soko lipo, bandari ipo, barabara zimenyooka! Mji mpya!"

Fwaaa! Kiboko akaibuka. "Mji gani huo?"

"Wa kule konani, Bwana Mkubwa. Ramani hii hapa."

"Mwenye mji nani?"

"Hajapatikana. Tembo amekuja kuuliza mara mbili."

Kiboko hakupenda kusikia jina la Tembo. "Wangu," akasema.

Wakaenda. Kiboko akatazama mchanga, akatazama vijiti, akatazama ramani. "Hili duara ni nini?"

"Bandari."

"Mbona mimi naona mchanga?"

"Unatazama chini, Bwana Mkubwa. Mji mpya hautazamwi chini, unatazamwa kwenye ramani."

Kiboko akatazama kwenye ramani. Kweli, bandari ilikuwepo.

"Ila kuna mila," Pimbi akasema. "Mwenye mji hutangulia kulala mjini, na hatoki mpaka wakazi wamkute. Akitoka, atakayekutwa hapa ndiye mwenye mji."

"Tembo hatanikuta nimetoka," akasema Kiboko, akajitupa topeni. Tifu!

Kesho yake Pimbi akaja. "Shikamoo, Mwenye Mji."

"Marahaba. Wakazi wangu wako wapi?"

"Wako njiani. Wamefika kwenye dimbwi lako la zamani, wana kiu, na wanaogopa kunywa bila ruhusa yako."

Kiboko akafikiri. Wakazi wakifa njiani, mji utakuwa wa nani? "Waambie wanywe! Wanywe washibe! Nisiletewe wakazi wagonjwa."

Wakanywa. Swala akanywa, nyani akanywa, kobe akaingia mzima mzima. Yule mtoto wa Pimbi akanywa mpaka akapata nguvu ya kulia, na mama yake akafurahi kumsikia akipiga kelele.

Siku ya tatu, "Wakazi wangu wako wapi?" "Wako njiani." "Wanywe!" Siku ya kumi, "Wako wapi?" "Wako njiani." "Wanywe!" Kule topeni ngozi ilimpasuka kwa jua, njaa ikamkata, lakini hakutoka. Akimkumbuka Tembo anakaa vizuri zaidi.

Mwezi ukaisha, mvua ikanyesha. Pwaa! Maji yakajaa konani, yakafunika vijiti, yakatanda duara kubwa kama lilivyochorwa.

"Bandari yangu!" Kiboko akapaza sauti. "Pimbi hakunidanganya!"

Akabaki hukohuko kwa furaha, akaanza kuandaa hotuba ya kuwakaribisha wakazi. Nanyi mkimwona Kiboko ametoa kichwa majini na kupanua mdomo, msidhani anapiga miayo. Anahutubia.

Nimeutua mzigo wangu hapa. Mwenye bega na auchukue. Funzo lake ni kwamba subira huvuta heri. Kiboko alisubiri, na heri ikawafikia wengine. Na uongo ni mbaya, wanangu. Msiseme uongo kamwe. Ikibidi sana, choreni ramani.